Darasa Lisilotegemea Mbalamwezi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, hamjambo. Na wale ambao umri wao hausomeki usoni, chagueni wenyewe panapowafaa.

Mimi ni mwanika dagaa. Nimetoka mwaloni kwetu Ilemela, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi hii, na kama mama aliyekaa karibu yangu anasikia harufu, avumilie, ndiyo iliyonilea. Mwenyekiti wa kikundi chenu ameniambia kwamba darasa lenu la watoto wadogo hapa Buhongwa linataka kufungwa, na kesho diwani anakuja kuwasikiliza. Akasema, "Dada, njoo utueleze ninyi mlifanyaje." Nitaeleza. Ila jina la mtu sitataja, maana wa kuaibika katika habari hii ni mimi peke yangu.

Ndugu zangu, miaka michache nyuma mume wangu alikwenda visiwani kumtafuta sangara. Kama alimpata sijui, yeye hakurudi. Nikabaki na binti yetu mdogo na kazi ya dagaa. Kazi hiyo inaanza jua halijachomoza: unapokea mitumbwi, unanunua, unaanika, unageuza, unafukuza kunguru. Mtoto wa miaka minne utamweka wapi? Nikafanya kama mama yangu alivyonifanyia mimi. Nilichana kipande cha kitenge, nikamfunga kiunoni, ncha nyingine kwenye nguzo ya chanja, asiende majini. Msinitazame hivyo, jamani. Pale mwaloni wengi tulifunga. Na fundo langu lilisifiwa, nilifundishwa na wavuvi.

Juu ya mwalo wetu, kwenye mawe, kuna shule yenye chumba kimoja ambacho hakijapigwa lipu. Humo binti mmoja, mwalimu wa kujitolea, alikuwa akifundisha awali. Siku moja akashuka mpaka mwaloni kutuomba watoto, pamoja na mchango kidogo wa posho yake na unga wa uji. Nikamjibu mbele za watu: "Mwalimu, mtoto wa miaka minne anasoma nini? Kama ni kuimba, hapa anaimba na kunguru. Akili yake bado maji." Wenzangu walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Mdomo wangu mnausikia. Siku ile hakuna aliyetoa kitu, na hata waliokuwa wakitoa wakaacha.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja wingu lilipanda kutoka ziwani, dagaa wamekauka nusu. Anayejua dagaa anajua mvua ni nini kwetu. Tukakimbia wote, tukakusanya, tukafunika maturubai. Nilipogeuka kwenye nguzo, kitenge kiko chini, mtoto hayupo.

Nilipiga yowe. Dagaa waliobaki niliwaacha wakalowa. Vijana wakajitosa majini, wakapapasa chini ya mitumbwi. Mimi niliingia mpaka kifuani na gauni langu, ninamwita, na ziwa limechafuka. Nawaambia ukweli, moyoni nilikuwa nimeshamzika.

Ndipo mama mmoja muuza uji akapaza sauti kutoka kule juu: "Wewe! Toka majini! Mwanao yuko huku anasoma!"

Nilipanda yale mawe bila viatu. Nikafika mlangoni, maji yananichuruzika. Binti yangu amekaa sakafuni, mbele yake vizibo vya soda, anahesabu. Nikamwita. Hakuinuka. Akasema, "Mama, subiri, sijamaliza."

Jamani! Nilikaa palepale mlangoni nikalia na kucheka kwa pamoja. Kumbe kila asubuhi alisikia nyimbo zikishuka kutoka kule juu, na kila asubuhi aliangalia vidole vyangu nikifunga. Mtoto niliyesema akili yake bado maji alikuwa amejifunza fundo la wavuvi. Na alipolifungua, hakwenda majini. Alikwenda shule.

Mwalimu akanipa kanga nijifute. Akasema, "Mama, nimefurahi amekuja, ila hii ni wiki yangu ya mwisho. Nimepata kazi ya duka pale stendi ya Buzuruga. Michango imekatika, na wewe unajua ilikatikaje." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma.

Nikashuka nikawaambia wenzangu kwamba nilikosea. Tukachanga, mwalimu akabaki. Nilidhani mambo yameisha. Bado! Ninyi wa huku huenda hamjui: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala, na sisi hatuna kitu. Kwa hiyo kukiwa na giza, uji upo na mwalimu yupo. Mbalamwezi ikiwaka, watoto wanakuta mlango umefungwa, maana mwalimu naye anakula, amekwenda kutafuta kibarua. Basi binti yangu akaniuliza, "Mama, huu mwezi utaisha lini nirudi shule?"

Swali hilo ndilo lililonisimamisha kwenye mkutano wa mtaa, diwani wa kata yetu amekaa mbele. Nikasema, "Mheshimiwa diwani, ushuru wa dagaa tunalipa kila tunapopokea mzigo, na hatukatai. Ofisi ya mtaa haifungwi kwa sababu ya mwezi. Barabara inachongwa, mwezi uwepo usiwepo. Kwa nini darasa la mtoto mdogo ndilo litegemee mbalamwezi?"

Watu wakacheka, diwani naye akacheka. Afisa aliyekuja naye akasema, "Mama, mambo ya bajeti yana utaratibu wake." Nikamjibu, "Basi tufundishe huo utaratibu. Siku hizi na sisi tunapenda shule."

Na kweli akatufundisha. Tukaandika barua, ikarudi: haina muhuri wa mtaa. Tukagonga muhuri, ikarudi tena: tumeandika tunaomba msaada. Yule afisa akatuambia, "Mama zangu, msiombe msaada. Ombeni fungu. Msaada unatolewa mara moja, fungu linarudi kila mwaka." Tukaandika upya. Ikapita kata, ikaenda halmashauri, na sisi tukaifuata. Tulikaa kwenye mabenchi ya watu na harufu yetu mpaka wakatuzoea kwa majina. Bajeti iliyofuata, mwalimu wetu akapata mkataba na unga wa uji ukapata fungu. Choo cha watoto bado. Tumerudi kwenye benchi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu aliyeliacha duka, yule mama wa uji, vijana waliojitosa majini bure, afisa aliyekubali kufundisha watu wazima, na wenzangu walioniamini mara ya pili.

Nanyi kesho diwani akija, msiende kinyonge. Kuchangia ni vizuri, lakini mchango unafuata mfuko wa mzazi, na mfuko wa mzazi unafuata mwezi, mvua na soko. Mtoto anakua kila siku, hasubiri soko. Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nakausha samaki, niaminini: akishakauka, ukimkunja anavunjika.

Nimalizie. Kile kipande cha kitenge ninacho bado. Juzi binti yangu, sasa yuko darasa la pili, alikivuta chini ya godoro akaniuliza, "Mama, hii kamba ya mbuzi ya nini, na sisi hatufugi?"

Hakumbuki, ndugu zangu. Nikashukuru. Nikamwambia kulikuwa na mbuzi mmoja, alifungua fundo mwenyewe akaenda shule.

Akanitazama kama vile mwalimu anavyomtazama mtoto muongo. "Mama, mbuzi hawezi kufungua fundo."

Nikamwambia, "Huyo aliweza."