Farofinha Amefaulu, Quirino Hajafika

GENIVAL: Haloo, kwa Farofa hapa. Nani mwenzangu, mwenye namba ndefu hivi? Kama ni watu wa bima, nina nyama motoni.

ADEILSON: Si wa bima. Ni Adeilson.

GENIVAL: Adeilson yupi?

ADEILSON: Wa Zuleide.



GENIVAL: Aa. Ngoja nisogee, huku kuna moshi. Haya. Hujambo?

ADEILSON: Sijambo. Shikamoo, mzee.

GENIVAL: Marahaba. Nasikia uko Argentina.

ADEILSON: Rosario. Nasomea udaktari, mwaka wa kwanza. Nilidhani hukusikia.

GENIVAL: Soko zima la Pernambuco limesikia. Baridi huko, wanasema.

ADEILSON: Ipo. Mzee, salio langu ni dogo, niseme lililonifanya nipige?

GENIVAL: Sema. — Farofa ipo, mama, unga wa muhogo nimeukaanga asubuhi hii hii. Na kitunguu? — Si wewe. Wewe sema.

ADEILSON: Nimefanya mtihani wa anatomia. Wa mdomo, mbele ya maprofesa watatu. Nimefaulu.

GENIVAL: Hongera.

ADEILSON: Asante. Ila aliyefaulu si mimi.

GENIVAL: Ulimtuma mtu?

ADEILSON: Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu. Ila ofisi ya chuo inasema aliyefaulu anaitwa Farofinha.

(Mkwaruzo wa mtandao.)

GENIVAL: Nani aliwapa hilo jina?

ADEILSON: Mimi. Siku ya kujiandikisha kuna mama wa ofisini, Norma, aliniuliza jina. Nikasema Adeilson. Akaniuliza apellido. Nikasema Farofinha.

GENIVAL: Kosa liko wapi? Apelido lako si ndilo hilo? Tangu unatambaa watu wanakuita hivyo.

ADEILSON: Kwetu, mzee. Kwa Kireno chetu apelido ni jina la utani. Kwa Kihispania chao ni jina la ukoo.

GENIVAL: Neno lilelile?

ADEILSON: Lilelile. Wameongeza L moja.

GENIVAL: L moja tu, na mtu anapotea.

ADEILSON: Mimi nikaona, hawa watu wakarimu, wanataka kujua nyumbani naitwaje. Nikalitaja kwa sauti.

GENIVAL: Na hakuna aliyeshtuka?

ADEILSON: Hapa kila mtu babu yake alitoka Italia. Profesa Bertolotti akaniuliza akina Farofinha wametoka upande gani wa Italia. Nikamwambia upande wa sokoni, jirani na choo.

GENIVAL: Akasemaje?

ADEILSON: Akasema anapafahamu, ameshawahi kufika.

GENIVAL: (anacheka kidogo, anakohoa) Moshi huu. Endelea.

ADEILSON: Sasa jana walitaka kuyaingiza matokeo kwenye kumbukumbu za chuo, wakaifungua pasipoti yangu. Quirino. Jina la mama, hakuna jingine. Mama Norma akanieleza kwa upole kabisa kwamba Farofinha amefaulu, lakini hayupo duniani. Quirino yupo, lakini hajafanya mtihani. Kwa hiyo Quirino arudie mwaka.

GENIVAL: Na huyo profesa? Si alikuona kwa macho yake?

ADEILSON: Nilimpeleka ofisini. Akawaapia kwamba ananifahamu vizuri sana, mimi ni Farofinha.

GENIVAL: Amekusaidia.

ADEILSON: Sana. Sasa imebaki njia moja. Mzazi aende kwa msajili wa huko nyumbani, ale kiapo kwamba Adeilson Quirino na Farofinha ni mtu mmoja, na aeleze jina limetoka wapi. Kiapo kifike huku kabla ya Ijumaa.

GENIVAL: Mzazi. Basi mama ya— Samahani.

ADEILSON: Ulikuwepo mazishini. Ulisimama nje ya geti.

GENIVAL: Ndani watu walikuwa wengi.

ADEILSON: Tulikuwa sita.

(Mkwaruzo.)

GENIVAL: Mama yako mdogo je, Lucineide? Yule ana maneno mazuri.

ADEILSON: Nimeuliza. Norma anasema mama mdogo si mzazi.

GENIVAL: Lakini soko zima linajua, Adeilson. Waambie wapige simu yoyote, hata kwa muuza kofia.

ADEILSON: Soko halina mhuri, mzee.

GENIVAL: Kwa hiyo niape tu kwamba unaitwa Farofinha.

ADEILSON: Ndiyo.

GENIVAL: Hilo rahisi.

ADEILSON: Halafu msajili atauliza kwa nini naitwa hivyo.

GENIVAL: Utamjibu—

ADEILSON: Wewe ndiye utamjibu. Mimi niko Rosario. Utamwambia kwamba kama kuna Farofa mdogo, basi kuna na mkubwa.

(Kisu kinakata juu ya ubao.)

ADEILSON: Haloo? Bado upo?

GENIVAL: Nipo. Ivonete yuko hapa. Anakata vitunguu.

ADEILSON: Kila siku yupo.

GENIVAL: Huyu ni mke wangu, kijana.

ADEILSON: Namfahamu. Nilikuwa nikija kununua nyama hanitazami usoni. Lakini kila mara aliniongezea farofa, na sikuwahi kuomba.

GENIVAL: Hakuniambia hilo.

ADEILSON: Wewe ulimwambia lipi?

GENIVAL: Basi nitakwenda. Sikukuu ikipita tu, nitakwenda.

ADEILSON: Kesho msajili anafunga kwa ajili ya Mtakatifu Yohane, na akifungua Ijumaa imeshapita. Ni leo, mzee.

GENIVAL: Leo ndiyo siku ya biashara yenyewe. Foleni imezunguka kona. Nikiacha moto hivi hivi, huyu mwanamke nitamwambia naenda wapi?

ADEILSON: Sijui.

GENIVAL: Hujui. Unapiga simu toka ng'ambo, unaniwashia moto sokoni, halafu hujui.

ADEILSON: Sikupiga kuomba jina. Jina ninalo, walinipa wauza viazi, na sijawahi kulionea aibu mbele ya profesa wala waziri. Ninachoomba uape kwamba ni langu. Ukishindwa, sema, nikate simu. Nitarudia mwaka. Mifupa haitabadilika, nitaisoma tena.

GENIVAL: Usikate.

ADEILSON: Sijakata.

GENIVAL: Walikuuliza nini, hao watatu?

ADEILSON: Mkono. Mifupa ya mkono, mishipa yake, kila mmoja unapita wapi.

GENIVAL: Na wakakuita vipi?

ADEILSON: Kama nilivyoandikwa. "Farofinha, simama. Farofinha, onyesha kwa kidole. Farofinha, kaa, umefaulu."

GENIVAL: Mbele ya watu?

ADEILSON: Ukumbi ulijaa.

(Mtu anagonga sahani.)

GENIVAL: Walisema hivyo hivyo. "Kaa, umefaulu."

ADEILSON: Hivyo hivyo. Mzee, salio linaisha, wameshaniletea onyo.

GENIVAL: Ngoja. — (mbali na simu) Ivonete. Ivonete, shika koleo. Hiyo ya pembeni geuza, itaungua. Natoka. ... Kwa msajili. ... Sasa hivi, kabla hajafunga.

(Mkwaruzo mrefu. Sauti ya mwanamke, maneno hayasikiki.)

ADEILSON: Anasemaje?

GENIVAL: Anauliza kwa msajili kuna nini.

ADEILSON: Na wewe umesemaje?

GENIVAL: Bado sijasema. Unaniongelesha. — (mbali na simu) Naenda kumlia kiapo mwanangu. Huyu wa Zuleide. Amefaulu mtihani huko nje na wanamzungusha.

(Foleni imenyamaza. Mafuta ya nyama yanachuruzika juu ya makaa.)

ADEILSON: Mzee?

GENIVAL: Nimeshamwambia.

ADEILSON: Umemwambia nini? Sikusikia.

GENIVAL: Kwamba naenda kumlia kiapo mwanangu.

ADEILSON: Umelia nini?

GENIVAL: Kiapo. Mbona mimi nakusikia vizuri?

ADEILSON: Upande huu mtandao mbaya. Naomba urudie.

GENIVAL: Mwanangu, nimesema. Mwanangu.

ADEILSON: Tena kidogo, kwa saut—

GENIVAL: Wewe, foleni nzima inanitazama hapa, hadi muuza kofia amevua kofia. Nimesema mwanangu. Imefika Rosario sasa?

ADEILSON: Imefika.

GENIVAL: Haya. Ngoja, Ivonete ananipigia kelele.

ADEILSON: Amekasirika?

GENIVAL: Anasema nivae shati safi, msajili asije akadhani nimekwenda kuuza nyama.

ADEILSON: Mwambie asan—

(Salio limekwisha.)