Louis wa Mwaka wa Thelathini na Nane

Gari ya Mkokotoni ilipotoka Darajani, abiria wawili mbele yangu walipeana majina, na muda si mrefu wakaanza kubishana juu ya ngumi. Mjaka, fundi seremala, alisema Marciano angempiga Joe Louis wakati wowote. “Mwaka wa hamsini na moja si alimwangusha?”

“Alimwangusha mzee,” alijibu Mabrouk, mchukuzi wa bandarini. “Nipe Louis wa mwaka wa thelathini na nane. Marciano asingefika raundi ya sita.”

“Mzee aliingia ulingoni kwa miguu yake, bwana. Kupigwa ni kupigwa.”

Mimi nilimuunga mkono Mjaka, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Mabrouk alikiweka sawa kikapu chake miguuni tulipoipita Mahonda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mimi nlimpiga mwalimu wangu, Bwana Shaame, aliyenifundisha kukunja ngumi. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, na pambano alilitaka mwenyewe. Watu walinibeba mabegani. Yeye tangu siku ile sikio moja halisikii.”

“Ulishinda kwa haki,” Mjaka alisema, safari hii taratibu.

“Ndivyo anavyonambia na yeye.”

“Unakwenda kwake sasa?”

“Kila Jumapili. Tunakaa barazani tunabishana, Jack Johnson na Louis, nani angemshinda mwenziwe.”

“Na Marciano?”

Gari ilisimama. Mabrouk aliinuka, akachukua kikapu chake. “Huyo hatujapata kumtaja,” alisema, akashuka.