Kamusi Iliyopita kwa Fundi wa Kutarizi

Mheshimiwa Bourgmestre, kiongozi wa mtaa wetu wa Makiso, mapadri na mashehe wetu, ndugu walimu, mama zetu mliotoka Yanonge kwa mtumbwi, na wewe Papa Célestin unayestaafu leo: nawasalimu nyote.

Mmeshika mikononi kamusi ya Kilokele, lugha ya watu wetu wa mtoni. Nyepesi, si kweli? Sisi tulioitoa ndani ya kompyuta tunajua uzito wake.

Papa Célestin amefundisha shuleni kwetu tangu ujana wake, na kila jioni aliandika maneno ya wazee wa mtoni katika kompyuta aliyoachiwa na wamisionari, kompyuta isiyojua fleshi wala intaneti, inayokula disketi tu. Mwaka jana ilianza kutoa moshi. Nilipoomba tuipeleke kwa fundi, Papa alikataa, akasema mgonjwa wa namna hiyo hasafirishwi.

Bon. Lionel, mwalimu wetu wa hesabu, alikuwa na kifaa cha kusomea disketi, lakini disketi yenyewe hakuwa nayo, na za Papa zilikuwa zimeoza. Tungeipata wapi? Tulizunguka mjini juu ya toleka, baiskeli zetu za abiria. Muuza simu mmoja alituuliza kama ni dawa ya minyoo. Hatimaye Mama Félicité, mke wa Papa, akamkumbuka Aurélie, mshona kanzu za mapadri, ambaye mashine yake ya kutarizi inasoma michoro kwenye disketi hadi leo.

Aurélie alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nitawaazima moja. Lakini mukiharibu Roho Mutakatifu yangu, mutamueleza Monseigneur wenyewe.”

Alimaanisha mchoro wa njiwa wa kanzu ya askofu, uliokuwa ndani ya disketi hiyo. Basi maneno yakasafiri kidogo kidogo hadi kompyuta ya Lionel, yakibanana na njiwa, mpaka siku tulipomrudishia Aurélie disketi ashone njiwa wake, nayo ikabadilishana na nyingine mezani kwake. Lionel akafungua herufi M, akakuta michoro ya mawaridi. Papa alivua miwani, akakaa chini, na mimi nikaogopa kumtazama. Kabla hatujajua la kufanya, Aurélie akaingia akihema, disketi mkononi.

“Papa, mashine yangu inakataa kushona maneno yako.”

Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyewahi kufurahia mashine kukataa kazi?

Tulimaliza herufi ya mwisho. Kesho yake kompyuta haikuwaka tena. Papa aliifunika kwa kitambaa, akasema imemtangulia kwenye pensheni.

Kitabu kilipotoka, Aurélie alikuwa wa kwanza kukifungua. Alitafuta jina ambalo koko yake, bibi yake wa Isangi, alimwita utotoni, jina tamu alilolichora kwa rangi juu ya mlango wa atelier yake ya kushonea bila kujua maana yake. Akalipata. Maana yake: chura mdogo mwenye kelele. Papa akajitolea kulifuta kamusini.

“Hapana, Papa,” akasema Aurélie. “Uliache vile iko. Nilikuwa nimesahau sauti ya koko, na sasa nimeisikia.”

Papa Célestin, pumzika vizuri. Nanyi nyote, asanteni kwa kuniazima masikio yenu, nayarudisha salama.