Malkia wa Bati na Mwisho Asioutazama

Marehemu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Malkia wa Bati, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na muuza maziwa. Alisoma hadi darasa la nane. Walimu walimsifia sauti na kulalamikia mdomo wake usio na breki.

Mwaka 1974 aliajiriwa kushona mavazi ya filamu ya nyimbo, kuhusu mwimbaji wa sayari ya mbali anayeuza sura yake ili apate umaarufu. Mwigizaji mkuu hakufika kupimwa hata mara moja, basi marehemu akajipima mwenyewe, akashona. Siku ya kupiga picha, gauni lile la bati jembamba halikumpita nyota yule mabegani. Akasusa, akaondoka. Mwongozaji akamgeukia fundi: “Wewe linakutosha. Vaa, uimbe.”

Akaimba. Mwisho ulipigwa wa aina mbili: mwimbaji anabaki na umaarufu, au anarudishiwa sura yake na kurejea kwao. Mwongozaji alisema ataamua baadaye.

Siku ya uzinduzi, katikati ya wimbo wa huzuni, pembe ya kofia aliyovaa kwenye filamu ilionekana ikidondoka kwenye skrini, na ukumbi ukaangua kicheko. Marehemu alitoka mbio bila mkoba. Mwonyesha filamu aliiacha mashine ijiendeshe, akamfuata nao. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na kujaliwa watoto wanne. Filamu ilipigwa marufuku kutajwa nyumbani.

Miaka ikapita, vijana wakaipenda. Kila mwaka waliujaza ukumbi uleule wakiwa wamevaa pembe na karatasi za kung'aa, wakiimba neno kwa neno. Walimwalika mara nyingi. Alikataa katakata; hakutaka kuchekwa tena uzeeni.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Akiwa wodini alimuuliza mumewe taratibu, “Baba watoto, hivi waliweka mwisho upi?”

“Twende ukauone mwenyewe.”

Wanawe walimpeleka ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Pembe ilipodondoka, vijana ukumbini wakadondosha zao kwa pamoja. Marehemu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwimbaji alipopanda chombo cha anga kurejea kwao, marehemu alimshika mumewe mkono. “Afadhali alirudi,” akasema.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2023. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na wale vijana waliosimama kule nyuma na pembe zao, wakiona haya kusogea. Mumewe anawaomba wasogee mbele, wao ni wafiwa pia.

Mungu ampumzishe kwa amani.