Macho ya Kulwa na Njia ya Puani

Bwana asifiwe sana, wapendwa! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Mama Kulwa wa hapa hapa Nyamigogo, na leo nasimama kushuhudia jambo ambalo mpaka sasa sijalielewa vizuri. Nitalisema hivyo hivyo lilivyo.

Ndugu zangu, mnawajua mapacha wangu, Kulwa na Doto. Kila mahali wanashikana mikono. Tukasema, watoto hawa wanapendana jamani! Kumbe Kulwa haoni, anaongozwa na mwenzake. Nililijua siku Doto alipolala na homa. Nilimtuma Kulwa peke yake aniletee ungo, akaupita uko mbele yake, akaenda kujigonga kwenye mlango wa zizi. Mama wee! Mwanangu anapofuka, nami niko naye nyumba moja!

Hapo kichwa kikanivurugika. Huyu anasema karogwa, yule anasema mapacha hawakufanyiwa mila zao, mwingine ananiletea majani ya kumkamulia machoni. Nikamlilia Mungu, Baba, sijui kushoto wala kulia, nishike mkono!

Tukapanda basi pale Nyakanazi mpaka hospitali kubwa Mwanza. Wakampiga picha ya kichwa. Daktari, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba mfupa nyuma ya macho umeota kupita kiasi, unaibana mishipa ya fahamu inayomwezesha kuona. Ukiachwa, giza litakuwa la moja kwa moja. Akasema watampasua kupitia puani, kwa mrija mwembamba wenye kamera.

"Puani? Daktari, mwanangu haumwi mafua!"

Akacheka, akanieleza tena. Sikuelewa. Nikakubali hivyo hivyo. Nilikubali kwa imani, na kwa woga pia, nisiwadanganye.

Alipotoka chumba cha upasuaji nilimkagua kichwa kizima. Hakuna kidonda, hakuna uzi, hata bandeji machoni hakuna! Damu kidogo puani, basi. Nikajua wameshindwa, wananificha. Daktari akasema ataona polepole, na huenda isiwe kama zamani. Tukaruhusiwa Kulwa bado anapapasa. Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Sasa sikieni! Huku nyuma mama mkwe wangu, niliyemwachia Doto, alisikia Kulwa anapasuliwa kichwani, akajua lazima kanyolewa. Na kwetu, pacha mmoja akifanyiwa kitu, na mwenzake afanyiwe. Basi akamnyoa Doto kipara! Mimi sikuambiwa. Tunaingia uani, Doto yuko kule mlangoni pa jiko, anaogopa kusogea. Kulwa naye hakuambiwa kitu. Kulwa akasimama, akakaza macho, akauliza:

"Mama, Doto nywele zake ziko wapi?"

Haleluya! Nilikaa chini vumbini. Mama mkwe analia, mimi nacheka, Doto anajifunika kichwa kwa aibu.

Ndugu zangu, jicho la kushoto bado hafifu, na kliniki tunaendelea. Namshukuru Mungu, nawashukuru na madaktari. Wewe mwenye mtoto anayejikwaa kila mara, usingoje. Mpeleke hospitali ukiwa umechanganyikiwa hivyo hivyo, na umtumaini Bwana. Mimi hakuningoja nielewe kwanza ndipo amfungue macho mwanangu. Amina!