Kidole cha Awoi

Jirani yangu aliwahi kuniuliza, "Mama, mtu anaweza kupika siku nzima na asiwe amekuja kazini?" Nikamjibu kwamba Mungu huona yote, nikadhani nimemaliza. Kumbe alikuwa anauliza kuhusu karani wa kazini kwake.

Jumapili, nikitoka ibadani Lodwar kurudi Kakuma, jirani huyo, mpishi anaitwa Awoi, tulipanda naye Probox ya abiria, akaketi kando ya Wandera, karani wa kambi ya wajenzi anakopika.

"Boss, ile mashine ya kidole inanikataa," Awoi akasema. "Mimi nasugua sufuria na mchanga, kidole imeisha mistari. Sasa mnasema sikukuja, mshahara mnakata."

"Mama, mashine haidanganyi. Paka mafuta."

"Nilipaka Ijumaa asubuhi, ikanikubali. Jioni mafuta imeisha, ikakataa kuandika nimetoka. Kwa hivyo bado niko ndani, napika tangu Ijumaa. Andika hiyo masaa yote."

Dereva alicheka, na huyo hacheki bure. Mimi nilikuwa kwenye zaburi, lakini nilifunga kitabu.

"Hiyo si kweli," Wandera akasema. "Ijumaa jioni nilikuona sokoni ukinunua majani chai."

"Kumbe uko na macho. Na ile siku mashine inasema sikuja, maharagwe ulikula ya nani?"

Gari liliposimama Kakuma, Wandera alishuka, akashika njia ya ofisini. Kama alienda kuandika ile siku ya maharagwe au kufuta masaa ya tangu Ijumaa, mimi sijui.