Mzee Mbwana Hakuhitaji Bakora

Ijumaa, 27 Juni 2025, manyunyu yalianza alfajiri na ukungu ulishuka kutoka milima ya Vugiri. Siku hiyo Mzee Mbwana Sadala alistaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha mbwa wa ulinzi wa shamba letu la mkonge. Tulimuaga kwa wali wa nyama, kanzu na bakora. Wali ulikuwa mzuri. Kuhusu bakora, mimi Hosiana mtunza stoo nina la kusema.

Mshereheshaji aliiinua juu akatangaza kuwa hiyo ndiyo dawa iliyowanyoosha mbwa wabishi wote. Watu wakapiga makofi. Mtu ambaye hajawahi kumchapa mbwa hata mmoja anazawadiwa fimbo, nasi tunapiga makofi.

Mzee alitoka Handeni akiwa kijana, akaanza kama mlinzi wa lango. Alipokabidhiwa mbwa, baadhi ya majirani waliacha kumpa mkono. Akatenga nguo za kazi, akawa anaoga kabla ya kila swala, na kazi ikaendelea. Njia yake ilikuwa rahisi. Humwita mbwa mara moja tu. Asipokuja, humpa mgongo na kuondoka taratibu, kipande cha ugali mkononi, mbwa abaki akifikiri. Akija, anakula na kusifiwa. Somo huisha mbwa akiwa bado analitaka.

Zaidi ya yote, alitaka sote tutumie neno moja. Walinzi hawakusikia. Awadhi alisema "kaa", Godfrey "chini", mwingine alipiga mluzi kama anaita mbuzi, kisha wote wakalalamika kuwa mbwa ni mbishi.

"Wanangu, ninyi mngeitwa majina matatu mngeitika lipi?" mzee aliwauliza siku moja.

Godfrey akajibu kwamba angeitika lile lenye chai. Mzee alicheka kuliko wote. "Basi somo umelielewa. Shida ni kulifuata."

Hawakulifuata. Mzee alipoanza likizo yake ya mwisho, walimfunga mnyororo Pili, mbwa jike aliyewahi kuwazuia wezi wa nyaya kiwandani. Walimwamuru kwa maneno matatu, wakamchapa kwa kutotii. Kisha, kwa ripoti yao, likatoka agizo kwamba Jumatatu ya baada ya hafla auawe, kwa kuwa hafai. Hafai kwa nani? Waliomharibu ndio waliomhukumu.

Kwenye hafla mzee alipokea kanzu kwa mikono miwili, lakini bakora akailaza mezani mbele ya meneja. "Ahsanteni, jamaa zangu. Hii mpeni anayeihitaji. Mimi nipeni Pili."

Meneja alisema mbwa ni mali ya kampuni. Mama Asnath wa jikoni, sufuria mkononi, akauliza kama mali nayo huuawa Jumatatu. Watu wakaguna. Meneja akakubali.

Jumamosi asubuhi Pili aligoma kupanda gari la kwenda Handeni. Awadhi alikwisha kuanza kutafuta fimbo. Mzee akamwita Pili mara moja, akapanda na kuketi nyuma ndani ya gari akiwa amempa mgongo, ugali mkononi. Tulisubiri mpaka chai yetu ikapoa. Pili akapanda mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi, na hapo ndipo yalipostahili.

Mzee Mbwana, ahsante kwa kila usiku tuliolala salama kwa sababu yako. Mungu akupe afya, mahindi yako yapate mvua kwa wakati, na uzeeke vizuri pamoja na Pili. Ile bakora nimeifungia stoo. Anayeitaka aje aniambie ni ya nini.

Jioni ya Jumamosi ile mkeo, Bi Mwanaisha, alinipigia simu. Alisema Pili alikataa kuingia kwenye kibanda ulichomjengea, kila mtu akambembeleza, mpaka ulipotoka ukamwita mara moja, akaingia. Sasa amelala. Nami nikalala, saa nne na robo.